Eksirei ya kifua: Huonyesha ugonjwa ulipo, haisemi umeletwa na nini

MZAZI anayetoka Mlimba, Malinyi au Mahenge akiwa na mtoto mwenye homa na kikohozi, mara nyingi hufika Ifakara akiwa na ombi moja kichwani: mtoto apigwe picha ya kifua. Amekwisha kupewa dawa ya maji katika zahanati ya kijijini, kikohozi hakijakoma, na fedha ya nauli imetoka mfukoni. Kwake yeye picha ndiyo hukumu. Ikionyesha doa jeupe, mtoto ana nimonia na apewe sindano. Ikiwa safi, mtoto hana neno na warudi nyumbani.

Imani hiyo haiko katika Bonde la Kilombero peke yake. Mkazi wa Dar es Salaam anayelipia eksirei katika hospitali binafsi hufikiri vivyo hivyo, tena kwa gharama kubwa zaidi. Kwa mfupa uliovunjika, imani hiyo ina msingi. Kwa maambukizi ya njia ya hewa yanayoletwa na virusi, ina kasoro mbili ambazo mgonjwa huelezwa kwa nadra: picha safi haithibitishi kwamba virusi havipo, na picha yenye doa haisemi kama doa hilo limeletwa na virusi, bakteria au kifua kikuu.

Sehemu ya ushahidi wa jambo hilo imetoka Ifakara kwenyewe.

Mji huo umekuwa na utafiti wa tiba tangu mwaka 1957, pale Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi alipoanzisha maabara ndogo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa miongo kadhaa sifa yake ilitokana na malaria. Bonde lenye mto, mashamba ya mpunga na mbu halikuacha nafasi ya kufikiri vinginevyo: mtoto akipata homa, ilihesabiwa kuwa ni malaria. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea na wengi wa watoto hao wakaonekana hawana vimelea, swali likabaki mikononi mwa matabibu: kama si malaria, ni nini?

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Dk. Valérie D'Acremont, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania na Uswisi, waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wenye umri wa miezi miwili hadi miaka 10, waliofika kama wagonjwa wa nje katika Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara na Hospitali ya Amana, Dar es Salaam. Watoto walichukuliwa damu, mkojo na ute wa pua na koo, na pale dalili zilipotaka, walipigwa picha ya kifua. Matokeo yalichapishwa Februari 2014 katika jarida la tiba la New England la nchini Marekani.

Malaria ilipatikana kwa asilimia 10.5 tu ya watoto. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa walikuwa asilimia 62.2, yaani zaidi ya 600. Kati ya maambukizi hayo ya njia ya hewa, yaliyothibitishwa kwa picha kuwa nimonia yalikuwa asilimia tano. Hao ni kama watoto 30 hivi. Kwa ujumla asilimia 70.5 ya watoto wote walikuwa na ugonjwa wa virusi, na asilimia 22 ugonjwa wa bakteria.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Kundi kubwa kabisa la watoto wenye homa lilikuwa la wale wenye ugonjwa wa njia ya hewa, na karibu wote katika kundi hilo hawakuwa na nimonia ya kuonekana kwenye filamu. Mtu angeweza kuwapiga picha wote, akatumia filamu na muda wa mtaalamu wa mionzi, na katika kila watoto 20 akapata doa kwa mmoja. Wale 19 waliobaki wangekuwa wagonjwa vilevile, wakikohoa na kuwaka homa, huku picha zao zikiwa hazina la kusema.

Sababu ya kimya hicho iko katika namna eksirei inavyofanya kazi. Mionzi iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895 hupenya hewa kwa urahisi na kuzuiwa na mfupa. Pafu lililojaa hewa hutokea jeusi, mbavu hutokea nyeupe, na moyo hukaa katikati ukiwa na weupe wake. Vifuko vya hewa vikijaa kitu kingine, mahali hapo hugeuka peupe. Filamu haioni kilichojaa. Huona tu kwamba hewa imeondoka. Usaha unaoletwa na bakteria, maji yanayotokana na moyo uliochoka, damu, na majimaji ya pafu lililoshambuliwa na virusi vya mafua, vyote vinaweza kupiga kivuli kinachofanana.

Aidha, virusi vingi vya njia ya hewa havianzi kwa kujaza vifuko hivyo. Hushambulia utando wa ndani wa mirija. Mirija midogo huvimba, ute huiziba, hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Hiyo ndiyo hali ya mtoto mchanga aliyepatwa na virusi vya RSV: kifua hupiga filimbi, mbavu huonekana zikivutwa ndani, pua hutanuka. Akipigwa picha, huenda mapafu yakaonekana yamejaa hewa kupita kiasi na kuwa na mistari michache karibu na moyo. Huenda pia yasionekane na kitu. Mtoto anahangaika kutafuta pumzi, na filamu yake ni safi.

Kuna pia suala la wakati. Kivuli huweza kuchelewa nyuma ya ugonjwa, mtoto akawa na homa kali leo na doa likaonekana baadaye. Huweza pia kubaki wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyepigwa picha mapema huambiwa hana kitu, na aliyepigwa akiwa amekwisha kupata nafuu huanzishiwa dawa upya.

Ugumu huzidi kwa watoto wadogo. Mtoto analia, anajirusha, mama anamshika mikono. Picha ikichukuliwa wakati anatoa pumzi, mapafu huwa madogo na yenye weupe unaofanana na ugonjwa. Akiwa amejipinda kidogo, upande mmoja huonekana mweupe kuliko mwingine. Tezi iliyo juu ya moyo, ambayo kwa mtoto mchanga ni kubwa na husinyaa kadiri anavyokua, imewahi kumdanganya msomaji mgeni akaiona kuwa nimonia. Filamu za kuoshwa kwa dawa gizani ziliongeza balaa lake, kwani dawa iliyochakaa ilitosha kubadili rangi ya pafu. Mashine za kidijitali zimepunguza kasoro hiyo ya mwisho. Zile za mwanzo hazikuondoka.

Hata picha ikiwa nzuri, wasomaji wawili hawasemi lazima neno moja. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa utaratibu wa pamoja wa kusoma picha za vifua vya watoto, ili nchi mbalimbali zinazopima ubora wa chanjo za nimonia ziwe na kipimo kimoja cha kulinganisha. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya utafiti. Haukukusudiwa kumwelekeza daktari ampe nani dawa gani, ingawa wapo wanaoutumia kana kwamba ndivyo.

DOA LENYEWE LINA NANI NDANI YAKE?

Hadi hapo msomaji anaweza kusema: basi, picha safi haina uhakika, lakini yenye doa je? Kwa miaka mingi jibu la vyuo vya tiba lilikuwa jepesi: doa zito la upande mmoja ni la bakteria, ukungu uliotawanyika pande zote ni wa virusi. Kanuni hiyo ina chembe ya ukweli, lakini chembe hiyo haitoshi kumwandikia mtu dawa.

Utafiti mkubwa uitwao PERCH, uliofanyika katika nchi saba ikiwamo Kenya, katika Hospitali ya Kilifi, uliwachunguza zaidi ya watoto 4,000 waliolazwa kwa nimonia kali, ukiwalinganisha na watoto wengine zaidi ya 5,000 wa maeneo hayohayo wasiolazwa. Kwa watoto wasio na maambukizi ya virusi vya ukimwi ambao picha zao zilionyesha ugonjwa, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalikadiria kuwa virusi vilihusika kwa asilimia 61.4, bakteria kwa asilimia 27.3, na kifua kikuu kwa asilimia 5.9. Virusi vya RSV pekee vilichukua asilimia 31. Hawa ni watoto wenye madoa. Zaidi ya nusu ya madoa hayo yaliletwa na vijidudu ambavyo amoksilini haiviui.

Chanjo zimechangia mabadiliko hayo. Tanzania iliingiza chanjo dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2009, na ile ya bakteria wa nimokoka ikazinduliwa Desemba 2012 na kuanza kutolewa kwa wingi mwaka uliofuata. Watoto wa utafiti wa Ifakara wa mwaka 2008 waliugua kabla ya chanjo hizo mbili. Bakteria wakubwa wa nimonia wakipungua, virusi hubaki na fungu kubwa zaidi la madoa yanayoonekana leo.

Ikumbukwe pia kwamba kipimo cha vinasaba, kile cha PCR kinachotafuta virusi katika ute wa pua, nacho kina mipaka yake. Watoto wasiolazwa katika utafiti wa PERCH nao walikutwa na virusi puani. Katika ule wa Ifakara na Dar es Salaam, asilimia 11.9 ya watoto walikuwa na virusi puani bila dalili yoyote ya njia ya hewa. Kuviona virusi si sawa na kuvishika vikitenda kosa.

Swali la iwapo picha humsaidia mtoto kupona haraka lilijaribiwa waziwazi mjini Cape Town, Afrika Kusini. Watoto 522 wenye maambukizi ya kifua, ambao hali zao hazikuhitaji kulazwa, waligawanywa kwa kura: wengine wakapigwa picha, wengine hawakupigwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kuwa makundi yote mawili yalipona kwa muda uleule, siku saba kwa wastani wa katikati. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliopigwa picha waliandikiwa antibayotiki zaidi: asilimia 60.8 dhidi ya asilimia 52.2. Picha haikuharakisha uponyaji, iliongeza dawa.

SOMO LA MWAKA 2020

Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoibuka, dunia nzima ilirudi kwenye picha ya kifua kwa sababu vipimo vya maabara vilikuwa haba. Katika jimbo la Hubei nchini China, Februari 2020, mamlaka ziliamua kuwahesabu pia wagonjwa waliogunduliwa kwa dalili na picha za CT skani, mashine inayopiga kifua vipande vipande na kuona zaidi ya eksirei ya kawaida. Kwa siku moja idadi iliruka kwa watu karibu 15,000. Baada ya wiki moja hivi utaratibu huo uliondolewa, na hesabu ikarudi kwa waliothibitishwa na maabara.

Hali ya Tanzania ilikuwa ya aina yake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu za mwisho za mwaka huo zilionyesha wagonjwa 509, na mapema Mei Rais John Magufuli akatilia shaka hadharani vipimo vya maabara. Takwimu hazikurejea hadi katikati ya mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Katika kipindi hicho maneno "nimonia" na "changamoto ya upumuaji" yalizoeleka katika mazungumzo na hata katika matangazo ya misiba. Mahali ambapo maabara haikutoa jibu, kivuli cha pande zote mbili za mapafu kilibeba mzigo ambao hakikuumbwa kuubeba.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na mtandao wa Cochrane baadaye ulionyesha uzito wa mzigo huo. Hata CT skani iliwanasa wagonjwa wapatao 87 katika kila 100 wenye Uviko-19, na ikamshuku kimakosa kama mtu mmoja katika kila watano wasio nao. Eksirei ya kawaida ilikuwa dhaifu zaidi. Ukungu ule unaoonekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi hutokea pia kwa mafua makali, kwa maji ya moyo, na kwa nimonia ya fangasi inayowapata watu ambao kinga yao imeshushwa na virusi vya ukimwi.

WAPI PICHA INASTAHILI

Haitakuwa haki kumwacha msomaji akidhani chumba cha mionzi hakina kazi. Mtoto aliyelazwa kwa nimonia kali na haonyeshi nafuu anahitaji picha, kwani huenda maji au usaha umejaa nje ya pafu na unatakiwa kutolewa. Aliyepaliwa na punje au karanga anaihitaji. Mtu mzima anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi, anayekonda na kutokwa jasho usiku, anaihitaji haraka, kwa sababu kifua kikuu ni ugonjwa ambao eksirei huuchuja vizuri. Mwaka 2021 WHO liliruhusu programu za kompyuta zisome picha hizo katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Hata huko, doa hutafutiwa uthibitisho kwa kupima makohozi. Na kwa mwenye virusi vya ukimwi, picha safi haiondoi shaka ya kifua kikuu.

Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo sana, na mzazi asiiogope. Gharama yake kubwa zaidi iko kwingine: nauli, siku iliyopotea, na uamuzi mbovu unaoegemezwa juu yake.

Katika zahanati ya ndani ya bonde, mbali na mashine yoyote, tabibu hutumia macho na saa. Mwongozo wa WHO wa kutibu magonjwa ya utotoni, IMCI, humtaka ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa aliye na mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni kupumua haraka. Wilaya za Kilombero na Ulanga zina nafasi katika historia ya mwongozo huo. Ulipopimwa nchini kati ya mwaka 2000 na 2002, ulitumika Morogoro Vijijini na Rufiji, huku Kilombero na Ulanga zikiwa wilaya za kulinganishia. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizotumia mwongozo.

Kuhesabu pumzi nako hakutofautishi virusi na bakteria, na watoto wengi wenye mafua ya kawaida hupewa antibayotiki kwa sababu tu wanapumua haraka. Ndiyo maana watafiti wameongeza vitu viwili: kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, na tone la damu linalopima protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi makali. Kiwango cha oksijeni kikishuka chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji hospitali na oksijeni, picha iwe safi au iwe na doa.

Vitu hivyo vilijaribiwa Dar es Salaam kwa watoto 3,192, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, vikiwa ndani ya mwongozo wa kielektroniki wa matabibu. Walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 11, ikilinganishwa na asilimia 30 chini ya mwongozo mwingine wa kielektroniki usio na vipimo hivyo, na ambao hali zao hazikutengemaa walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Mwongozo ulioboreshwa ulijaribiwa katika utafiti wa vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha antibayotiki zikitolewa kwa asilimia 23.2 ya watoto, wakati vituo vilivyofuata mazoea vilizitoa kwa asilimia 70.1, bila watoto kudhurika zaidi.

Kwa mzazi aliyekwisha kufika Ifakara, maswali ya kumuuliza tabibu ni mengine kabisa na yale ya kwenye filamu. Mtoto ananyonya au anakunywa? Kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi? Analala kupita kiasi, anatapika kila kitu, amepata degedege? Oksijeni yake ni kiasi gani? Akiruhusiwa kurudi nyumbani bila antibayotiki, arudishwe lini, na kwa dalili zipi arudishwe kabla ya siku hiyo? Kwa familia inayohamia mashambani msimu wa mpunga, swali hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu kurudi baada ya siku tatu ni safari nyingine ya baiskeli, mtumbwi au bodaboda.

Na kama picha ilipigwa, bahasha yake isitupwe. Doa la leo linalofanana na la mwaka jana huenda ni kovu tu, na daktari hawezi kulijua hilo asipoiona picha ya zamani.